Makofi Matatu

Katika kundi letu la maigizo mimi ndiye niliyekuwa kila kitu. Bila mimi mume wangu asingetamka neno jukwaani, na watu walijaa ukumbini kwa ajili yangu. Haya, hawakujua kama nipo. Nilikaa chini ya jukwaa, magoti yakigusa kidevu, daftari mkononi, nikimnong'oneza mume wangu kupitia ufa wa mbao maneno aliyoyasahau. Kazi hiyo niliipata kwa elimu yangu kubwa ya darasa la nne. Wenzangu waliishia la pili, na hilo la pili lenyewe walisukumwa.

Mume wangu walimwita Kibiriti: mwembamba, kichwa kikubwa, na huwaka kabla hujamgusa. Kaka yake, shemeji yangu, alipiga kodiani. Hao ndio kundi zima. Ukumbi wetu ulikuwa ghala la magunia, na hata leo nikisikia harufu ya katani moyo unanienda mbio kama msichana.

Mchezo waliotupendea watu ulikuwa wa mume mvivu anayejifanya amekufa ili asipasue kuni. Kibiriti anakufa, watu wanapiga makofi, maiti anaamka, anainama kushukuru, anajilaza tena. Hapo mabenchi yote hupaza sauti kwa pamoja: "Lala, bado hujafa vizuri!" Kule kuamka hakukuandikwa kwenye daftari langu. Makofi yalikuwa ugonjwa wake. Hata jikoni nikikung'uta unga viganjani, alikuwa akigeuka na kuinama.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika mjini, tulihamishia maonyesho mchana, maana jioni ilikatazwa kutoka nje. Watu walizidi kuja. Kicheko hakishibishi, lakini kinakusahaulisha tumbo liko upande gani.

Balaa lilikuja siku Kibiriti aliposahau maneno na hakunisubiri. Akajaza nafasi kwa kuiga mwendo wa kamanda aliyeushika mji, ambaye viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko miguu, akitembea kama bata aliyeshiba. Ghala lilitikisika kwa vicheko. Mimi huko chini nilifunga daftari. Kesho yake asubuhi fundi viatu, jirani yetu, alikuja mbio kutuambia kamanda yuko njiani, anamtaka mchekeshaji. Waliotakiwa kabla yake hatukuwaona tena, na njia zote za kutoka mjini zilikuwa na vizuizi.

Shemeji alifikiri kidogo, akasema, "Amekufa. Homa, alfajiri ya leo."

"Nani?" Kibiriti akauliza.

"Wewe."

Tukamlaza juu ya meza ya maigizo, unga usoni, pamba puani, tukamfunika pazia la jukwaa mpaka kifuani. Nilitaka kukaa pembeni nilie kama mjane mwenye adabu, lakini marehemu akakataa. Akasema hajawahi kufa bila mimi kuwa chini. Basi nikaingia chini ya meza, pazia likanificha. Mtu na kazi yake.

Nikaviona viatu vikiingia. Vilikuwa vikubwa kweli, Kibiriti hakuongeza chumvi. Shemeji akaangua kilio, na machozi yalikuwa halisi, maana woga nao hulia. Kamanda akawaacha askari wake mlangoni, akavuta benchi, akakaa. Alisema yeye hajawahi kukanyaga ghala lile hata siku moja, mambo ya mchekeshaji ameyasikia tu kwa watu. Mimi nilikuwa nikinong'ona: vuta pumzi kidogo, sasa zuia, sasa kidogo tena.

Kisha kamanda akamwambia shemeji ampigie marehemu wimbo wake. Shemeji akapiga, vidole vikijikwaa. Wimbo ulipokwisha, kamanda akapiga makofi. Matatu, polepole.

"Usiinuke," nikanong'ona. "Mume wangu, nakuomba, usiinuke."

Meza ikalia. Pazia likateleza. Kipande cha pamba kikaanguka karibu kabisa na kiatu cha kamanda, nikajua maiti wangu ameinama kushukuru.

Nilikuwa nimeshaanza kumuaga moyoni. Ndipo nikasikia sauti ya chini, kama ya baba anayebembeleza mtoto: "Lala. Bado hujafa vizuri."

Maneno hayo huyajui mpaka uwe umekalia mabenchi yetu.

Viatu vikaenda mlangoni. Akawaambia askari kwamba mtu amekufa, amemwona kwa macho yake, azikwe.

Tulizika gunia la mchanga. Siku ya tatu fundi viatu alitupenyeza nje ya mji katika mkokoteni wake, tumefunikwa ngozi za viatu. Shemeji alibaki kupokea pole za majirani, uongo upate kusimama wima. Alituahidi kwamba baada ya wiki moja tu atatufuata na kodiani yake. Baadaye tulisikia ghala limeungua. Nilimwekea sahani mezani mwaka mzima.

Ugenini Kibiriti alishona magodoro, na hakupanda jukwaani tena. Ila siku za mvua alikuwa akiniambia niingie chini ya meza nimnong'oneze mchezo wote, naye anajibu huku anamenya vitunguu, mpaka binti yetu, aliyezaliwa huko, anatuuliza kama tumerogwa.

Alikufa mchana mmoja kitandani kwake, kimya, bila kutikisa hata kidole. Kifo ambacho mabenchi yangekizomea. Binti yetu alipotoka kuwaita majirani, niliketi sakafuni kando ya kitanda, mahali pangu pa kazi. Nikapiga makofi. Matatu, polepole. Nikasubiri. Nikasogeza mdomo.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza nafanya nini.

"Naua mbu," nikasema.

Akaja akachuchumaa, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama.

"Na huyo mbu, mama," akasema, "mbona ulikuwa unamnong'oneza ainuke?"