Sabina Aona Mipira Miwili

Gari la akina mama wa kwaya ya Nyakato, Musoma, lilipata pancha njiani, wakafika Mugeta saa sita na nusu, jua likiwa utosini. Mechi yao ya netiboli na wenyeji, kwenye uwanja wa shule, ilikuwa imepangwa kuchezwa asubuhi.

"Pumzikeni kwanza," alisema Eunice, nahodha wa Mugeta. "Tutacheza jioni."

"Jua gani hili?" Benedikta, nahodha wa Nyakato, alicheka. "Sisi tunaanikaga dagaa juani kila siku. Tuanze!"

Wakaanza. Nyakato walikuwa na Sabina, mfungaji mrefu asiyekosa goli. Siku hiyo alivaa suruali nzito ya mazoezi, na tangu Musoma hakuwa amegusa maji, akiogopa kubanwa na haja ndogo njiani. Hata hivyo alifunga mfululizo, na wenzake wakamshangilia.

Kisha akampasia mpira mwamuzi. Watu wakaangua kicheko.

"Mbona mmeingiza mipira miwili?" Sabina aliuliza.

"Anataniaga huyo," Benedikta alisema, bado akicheka. Alipomshika mkono, kicheko kikamkauka. Mkono ulikuwa wa moto, na magoti ya Sabina yalikuwa yanalegea.

Mwamuzi Mwikwabe alipuliza filimbi. "Mpelekeni kivulini! Na mmoja akamwite nesi zahanati!"

Wachezaji wa timu zote mbili wakambeba hadi varanda ya darasa. Eunice alimvua viatu na ile suruali, akamfunga kanga, kisha akammwagia maji ndoo nzima. Wengine walimwekea vitambaa vibichi shingoni na kwapani. Benedikta alimpepea kwa mfuniko wa sufuria, machozi yakimtoka, akiita, "Sabina! Sabina, mdogo wangu!"

Baada ya muda Sabina alifumbua macho vizuri. "Tunaongoza?"

"Nyamaza, kunywa maji!" Benedikta alimwambia. "Kidogo kidogo."

Nesi, dada mmoja aitwaye Stellah, alifika kwa bodaboda. Alimpima, akampa maji ya chumvi na sukari, akakaa naye mpaka joto lilipoteremka. "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine," alisema. "Leo huyu hachezi tena. Na ninyi wengine, mmekunywa maji?"

Wengi walitikisa vichwa. Benedikta alimgeukia Eunice. "Dada, ulituambia tusubiri. Mimi ndiye niliyekataa. Unisamehe."

"Tusubiri sasa," Eunice alijibu, akimsogezea kikombe.

Mechi iliendelea jioni, upepo ukivuma. Mwikwabe alisimamisha mchezo mara kwa mara ili wote wanywe maji. Sabina alikaa kivulini, akimfokea aliyechukua nafasi yake: "Ruka basi! Umepandwa hapo?"

Mugeta walishinda kwa goli moja. Wageni waliletewa viazi vitamu na maziwa ya mgando, na Benedikta, aliyekuwa akichukia kushindwa kuliko kitu chochote, aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.