Matuta Kumi na Manane

Neno lililoniponza ni matuta. Niliandika mwenyewe, kwa penseli, nyuma ya boksi la tyubu: "Matuta kumi na manane, kwenda juu nusu mita, kati ya tuta na tuta mita mbili." Nikampa shemeji yangu, nikapanda basi kwenda kumwona mama mkwe aliyelazwa. Nilidhani nimemaliza kila kitu.

Mimi ni fundi baiskeli, mwaka wa ishirini na saba huu, kibanda changu kinatazamana na kituo cha mafuta. Watu wananiita Spoki, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya wembamba. Nina hasira za karibu. Hilo sifichi, na hata ningetaka kulificha, mke wangu asingeniruhusu.

Kitinda mimba wetu ana miaka kumi na mitano. Huyo alijua kuendesha baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Miezi mitano iliyopita lori la mchanga lilimbana kwenye barabara kuu, akatupwa mtaroni, mfupa wa mkono ukavunjika. Siku alipotolewa plasta, mama yake aliweka kijiko chini akasema, "Barabarani hapandi tena. Mkitaka apande, mtafutieni mahali pasipo na lori." Nikafungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga.

Binti hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma. Mtoto anayebisha hata akiambiwa akaoge alinyamaza. Akawa anakuja kibandani kunipa spana bila kusema kitu, na baiskeli yake imeegemezwa ukutani, matairi yamekwisha upepo. Nilikuwa naziba pancha za watoto wa watu huku wangu amekaa pale kama mgeni.

Basi nikaenda ofisi ya ardhi kuulizia kile kiwanja cha nyuma ya shule kilichogeuzwa jalala. Afisa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka hasa. Alinipa barua: vijana wa mtaa wanaruhusiwa kujenga njia ya baiskeli kwa muda wa miezi mitatu, na Jumamosi ya mwisho atakuja kukagua. Baiskeli izunguke njia nzima bila mpandaji kutia mguu chini. Ikishindikana, kiwanja kinarudi kwao na kinakuwa maegesho ya malori. Malori, jamani. Kwa nafasi zote duniani.

Miezi miwili na ushee ilikwisha katika kuzoa taka. Vijana walibeba chupa, mabati, matairi na kitanda kimoja kizima, na binti yangu hakukosa siku. Mkandarasi aliyekuwa akichimba mtaro jirani akatumwagia tripu kumi za udongo mwekundu. Ikabaki kuupa umbo: vilima vidogo vya mviringo vinavyofuatana mpaka kumaliza duara. Kwenye njia ya namna hiyo mpandaji hakanyagi pedali. Anainuka na kuinama, kilima kimoja kinamsukuma kwenda kwa kingine. Wiki ile ya mwisho vijana walikuwa na mitihani mpaka Ijumaa, kwa hiyo nikamwomba shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, msimamizi wa vibarua wa shamba, mtu wa polepole mpaka unatamani kumsukuma. Anafanya kazi na kikundi cha akina mama wanane, na mwenyekiti wao tunamwita Mama Jembe. Alisoma lile boksi mara mbili, akasema, "Nimekuelewa, shemeji." Nikaondoka kwa amani.

Nilirudi Alhamisi saa sita mchana, nikapitiliza kiwanjani na begi mkononi. Matuta yalikuwepo, yote kumi na manane. Yalikuwa yamenyooka kutoka ukuta wa shule mpaka kwenye uzio, vichwa vimechongoka, mifereji safi katikati. Kwenda juu nusu mita, kati ya tuta na tuta mita mbili. Na juu ya kila tuta, kwa nafasi sawasawa, yamepandwa marando ya viazi vitamu, tena yameshamwagiliwa maji.

Mimi ni mtu wa magurudumu. Tuta kwangu ni lile la barabarani, linalompunguzia dereva mwendo. Shemeji ni mtu wa shamba.

"Nafasi umetuwekea kubwa sana," aliniambia, akifuta jembe. "Kwa viazi mita moja ingetosha. Ila nikasema, fundi ana sababu zake."

"Viazi nani kasema?"

"Uliandika matuta, hukuandika ya nini. Tukaona ardhi isikae bure."

Nikalipuka. Mengine niliyosema hayasemeki mbele ya watu wazima. Nilimwambia kuwa miaka yote hii kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu, na nilisema hivyo akina mama wote wanane wakisikia. Shemeji alitoa lile boksi mfukoni, akanikabidhi, akawaashiria wenzake. Wakaweka majembe begani wakaondoka. Mama Jembe alikuwa wa mwisho, akasimama mbele yangu kidogo.

"Ungesema vichuguu," akasema, "tungekujengea vichuguu."

Nikachukua koleo nikaanza mwenyewe. Kufika saa kumi na moja nilikuwa na kilima kimoja, nacho kimelalia upande. Binti akaja na sare zake za shule, akatazama shamba la viazi, akaliokota boksi akasoma.

"Baba, umeandika matuta."

"Naona."

"Hata mimi ningepanda viazi."

Akacheka. Miezi minne sijamsikia akicheka, na sasa ananicheka mimi, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kisha akakitazama kile kilima changu. "Jumamosi ni keshokutwa," akasema taratibu, na uso ukarudi kuwa ule wa kibandani. Niliegemeza koleo ukutani nikaenda kwa shemeji.

Nilimkuta uani anatia mpini kwenye jembe. Hakunikaribisha kiti.

"Shemeji, kosa ni langu," nikasema. Maneno manne tu, tena kwa sauti ya chini.

"Rudia kwa sauti. Mke wangu yuko jikoni, hajasikia."

Nikarudia. Jikoni mtu akakohoa.

"Mimi umenitukana mara nyingi, nimezoea," akasema, macho kwenye mpini. "Leo umenitukana mbele ya watu ninaowaongoza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje kiwanjani uyaseme mbele yao. Wakikubali, tutafanya kazi."

Nikaenda, nikasema. Jasho lilinitoka na jua halijachomoza. Mama Jembe aliniacha nimalize mpaka mwisho, akauliza kama viazi vitahamishiwa kando ya uzio au vitatupwa. Nikasema vitahamishwa. "Haya, vichuguu vinakaaje?" akauliza. Binti yangu, aliyekuwa na mtihani saa nne, akachuchumaa akavichora kwa kidole chini. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Wale akina mama ni mafundi. Walikata matuta, wakayaviringisha, wakamwaga maji, wakayakanyaga kwa miguu mitupu wakizunguka taratibu mpaka udongo ukakaza. Ijumaa jioni vilima kumi na saba vilikuwa tayari. Mama Jembe akasema kile changu ni kibaya, akataka kukivunja nacho. Nikamwambia hicho kiacheni, kiko sawa. Shemeji akanitazama, akaondoka zake.

Jumamosi afisa alikuja saa nne kamili na faili kwapani. Mke wangu naye alikuja, akasimama pembeni, mikono kifuani. Asubuhi alikuwa amenikuta najaza upepo matairi ya binti, hakusema apande wala asipande. Vijana wakamsukuma binti mbele, maana wote walijua njia ni ya nani.

Akaanza. Kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu, mgongo unapanda na kushuka, mnyororo kimya. Cha tano kilikuwa changu. Gurudumu la mbele likateleza upande ule uliolala, na mtoto akaenda chini mzima mzima.

"Hicho si chetu," Mama Jembe akasema.

Afisa akafungua kalamu yake. "Fundi, mguu haukutakiwa kugusa chini, na hapa umegusa mwili mzima."

"Kilima ni changu," nikasema. "Niliambiwa kibaya, nikakataa kivunjwe. Usimhukumu mtoto kwa ubishi wangu. Nipe dakika ishirini."

Akatazama saa. "Kumi na tano."

Akina mama walikuwa wameshafika na majembe. Shemeji akanipa ndoo, akanionyesha bomba liliko, nikaenda kuteka maji bila kubisha. Niliporudi, mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yetu, anampapasa mkono ule uliovunjika kutoka begani mpaka kwenye vidole. Mtoto ameinamisha kichwa.

"Mama, basi. Naacha."

Nilijua mama yake ameipata nafasi yake, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Yeye ndiye aliyekaa naye hospitali, mimi nilishindwa hata kuingia kwenye chumba alicholazwa.

"Unauma?" mke wangu akamuuliza.

"Hauumi."

"Umeangukia nini?"

Binti akautazama mkono wa shati lake, mwekundu wote. "Udongo."

Mama yake akamkung'uta vumbi, akaiinua baiskeli mwenyewe, akaishika usukani.

"Basi panda," akasema.

Alipita cha tano, akapita vyote, mguu haukugusa chini. Afisa akatia sahihi, mimi nikalia waziwazi mbele ya kikundi kizima, na binti akaendelea kuzunguka, hakuna aliyemwambia asimame. Kwenye mzunguko wa nne mke wangu alikuwa ameshasogea mpaka ukingoni mwa njia, anamwambia akunje magoti, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.