Mwenye Kulabu Ndiye Dereva

Kaka yangu Lyall ana miaka sabini na mitatu na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Yeye anasema ni vumbi la kioo. Asubuhi ile, kabla hatujaondoka kambini, alikuwa amekipangusa kioo cha mbele mara tatu.

“Bado kuna ukungu, Noelene.”

“Jangwani, mwezi wa nane?” nikamuuliza. “Basi umetufuata toka nyumbani Perth, maskini, kwa miguu.”

Akawasha gari. Mimi nikakaa upande wa abiria, nilikokaa kwenye safari hii miaka arobaini. Nimeendesha malori ya matela matatu miaka ishirini na miwili, nimevunjika mgongo, nimezika mume mmoja na kumfukuza mwingine, lakini gari la marehemu baba sijawahi kuliendesha kwenye njia ile ya zamani ya kuswagia ng'ombe. Sababu ni kulabu.

Katikati ya njia ile huota spinifeksi, majani makavu yenye utomvu. Gari likipita juu yake, mabua hujisokota chini, yakalala kwenye bomba la moshi yakikaangwa taratibu. Usipoyatoa kila nusu saa, gari linaungua mpaka rimu. Kwa hiyo baba alikunja waya wa uzio, akatengeneza kulabu na sheria yake: mwenye kulabu ndiye dereva. Anayelala mavumbini ndiye anayestahili usukani. Baba alipofariki, kulabu ilikwenda kwa Lyall. Mwaka mmoja niliigusa tu, akashuka akatembea kilomita tisa akinipa mgongo.

Tuliposimama mara ya kwanza alitambaa chini, akakwaruza, akatoka na konzi ya majani. Mara ya pili akatoka mikono mitupu.

“Safi kama sahani,” akasema, akaenda kunywa maji.

Nikainama. Juu ya bomba palikuwa na tita kubwa kama kiota cha kunguru. Nikalivuta kwa ncha ya kiatu, nikalipiga teke hadi kichakani, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mtu anayepoteza macho asinyang'anywe na kulabu pia. Ni wazo la huruma. Mawazo ya huruma ndiyo yaliyonipatia yule mume wa pili.

Mara ya tatu alinifuma nimeinama.

“Unanikagua?”

“Nafunga kamba ya kiatu.”

“Viatu vyako havina kamba, Noelene. Nilikununulia mimi.”

Nikapanda garini, nimeshikwa na aibu, bila kuangalia chini ya gari. Dakika kumi na tano baadaye nikasikia harufu.

“Lyall, simama.”

“Hapa ni mchanga mtupu. Tutazama.”

“Heri tuzame. Tunaungua.”

Akazima gari. Nyuma ya kiti tunaweka bomba la mkono la kunyunyizia waridi dawa, limejaa maji. Nikalichukua nikaingia chini kwa tumbo. Moto ulikuwa na urefu wa mkono, shibiri mbili tu kutoka tangi la mafuta. Nikanyunyiza, Lyall akajaza, nikanyunyiza tena, mpaka dumu la lita ishirini likaisha. Tulipoteza nyaya za taa za nyuma, na mimi nyusi zangu.

“Sasa unafanana na yai,” Lyall akasema.

Tukasogea mpaka kwenye mivinje ya jangwani, mimi nikitembea mbele nikifyeka, yeye akifuata polepole, tukapiga kambi jua likiwa bado juu. Nikakanda unga, nikaufukia kwenye chungu cha chuma kati ya makaa. Alikaa kwenye kiti cha turubai akifukuza nzi.

“Nililitazama lile bomba la moshi,” akasema mwishowe. “Niliona kitu cheusi kimoja tu. Nikafikiri ndilo bomba lenyewe.”

“Lilikuwa hivyo mara ya pili pia. Tita nililitoa mimi.”

Akaacha kufukuza nzi. “Uliona ukanyamaza?”

“Nilikuogopa.”

“Uliniogopa mimi, hukuuogopa moto?”

“Moto hautembei kilomita tisa ukininunia.”

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Tukala mkate wa siagi na nyama ya kopo. Alipomaliza alipangusa mikono kwenye suruali, akaenda garini. Nilifikiri anakwenda kukipangusa kioo tena. Alirudi na kulabu, akaniwekea mapajani, juu ya sahani yangu.

“Nikirudi nitakwenda kwa daktari,” akasema. “Usinipigie makofi.”

“Mikono ina siagi.”

Nikaondoa sahani, nikaingia na kulabu chini ya gari mwanga ukiwa bado upo. Mgongo ulilalamika, nikauambia ungoje. Nikakwaruza mbele, nyuma, kuzunguka tangi. Lyall alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

“Umeacha upande wa kushoto, juu ya kile chuma cha kukingia tangi.”

“Umeonaje, wewe?”

“Sijaona. Baba alikuwa anapaacha hapo kila siku. Nilikuwa napamalizia mimi, yeye akiwa amekwenda kukojoa.”

Nikapeleka kulabu kushoto. Likatoka tita la ukubwa wa ngumi.

“Na hukumwambia miaka yote hiyo?”

“Ungemwambia wewe?” akasema, akaenda kukaa kwenye kiti cha abiria aone kama kinamtosha.