Sufuri Tano za Hisabati

Mwalimu Kageha aligawanya ubaoni mara ya tatu, chaki ikamvunjikia mkononi. Wavulana ishirini, wastani hamsini na moja. Wasichana saba, wastani hamsini na tatu. Barazani wazazi wa darasa la nane walikuwa wakingoja kuitwa ndani.

"Kumi na wawili, madam," alisema Mkaguzi Wepukhulu. "Gawanya kwa kumi na wawili."

"Waliofanya hisabati ni saba."

"Walioandikishwa ni kumi na wawili. Ambaye hakufanya ana sufuri. Takwimu ndivyo zinavyotaka."

"Takwimu hazitaki kitu, Bwana Mkaguzi. Wewe ndiye uliyetaka samaki."

Mwalimu mkuu, Bwana Obiero, alikohoa. Siku ya mtihani wa majaribio, mkaguzi alipokuja kusimamia, Obiero mwenyewe aliingia darasani kabla karatasi ya hisabati haijagawiwa, akatoa wasichana watano: wawili wakachote maji, watatu wapae samaki na kukaanga. Mgeni angekaaje na njaa? Wasichana wangefanya karatasi yao alasiri. Alasiri mkaguzi alishiba, akafunga bahasha, akarudi zake mjini.

Sasa ripoti yake ilikuwa na kichwa kizito: Uhusiano wa Jinsia na Ufaulu. Wasichana, thelathini na moja. Chini yake, agizo: msichana yeyote aliyepata chini ya arobaini arudi darasa la saba, asiiharibie shule wastani.

Awuor alikuwa mmoja wa wale watano. Alishakariri darasa mara moja. Baba yake, Mzee Dalmas, alikuwa amesema wazi: akirudishwa tena, aache shule akauze dagaa wa omena soko la Kondele na mamake.

Wazazi waliingia, wakajibana kwenye madawati ya watoto wao.

"Tumechunguza kisayansi," mkaguzi aliwaambia, akifuta hamsini na tatu ubaoni na kuandika thelathini na moja. "Hisabati inawalemea hawa wasichana wetu."

Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Nambari si zilikuwa ubaoni? Kisha Kageha akaambiwa asome majina ya wanaorudishwa.

"Apiyo, sufuri. Alikuwa anachota maji."

"Madam!" Obiero alifoka.

"Dorca, sufuri. Maji pia. Agneta na Nabututu, sufuri. Walikuwa wanapaa samaki. Awuor, sufuri. Yeye ndiye aliyekaanga."

Mama mmoja alicheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Mzee Dalmas akasimama polepole, magoti yakigonga dawati.

"Bwana, mtoto wangu umempa sufuri. Na wewe uliyekula, ulijipa ngapi?"

"Mzee, usituletee siasa hapa!" mkaguzi alimkatiza.

"Mimi nimeuliza hesabu tu, bwana."

Mkaguzi alimsukumia Kageha ripoti aitie sahihi kama mwalimu wa somo. Kageha alirudisha mikono nyuma. Obiero akachukua kalamu, akatia sahihi kwa niaba yake mbele ya watu wote, na ripoti ikaingia mkobani na thelathini na moja yake.

Kikao kilipovunjika, madawati ya wale watano yalibebwa hadi darasa la saba. Wanne waliyafuata. Awuor aliingia la nane, akaketi sakafuni, akafungua daftari mapajani.

"Madam, huyo ni wa la saba," Obiero aliita kutoka nje.

"Ingia umtoe wewe, Mwalimu."

Hakuingia. Mzee Dalmas alikuwa ameketi kizingitini, akivua viatu taratibu, kama mtu asiye na safari.