Ugonjwa Aliouchagua Rhobi

Rhobi aliwaachia darasa la tano hesabu za kugawanya, akamwomba mwalimu wa jirani awatupie jicho, akatoka Butiama na bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima ya kwenda Musoma alikuwa akimgonga kijana begani.

"Kaza, mwanangu, kaza!"

"Mwalimu, nikikaza zaidi ya hapa tunaruka."

"Basi ruka!"

Mumewe alikuwa amempigia simu kutoka Bunda. Gibson ni dereva wa lori la pamba, na mwaka huu, kabla msimu haujafunguliwa, meneja ametaka kila dereva alete barua ya daktari wake. "Napitia hapo Musoma, Nyakato, kwa daktari Faudhia anichapie," alisema, sauti ya mtu asiye na wasiwasi. "Dakika moja tu hiyo."

Hakujua. Kwenye faili lake, na katika madai yote ambayo kliniki ya Faudhia imepeleka bima kwa kadi ya ualimu ya Rhobi, Gibson ni mgonjwa wa kifafa. Na nani atamkabidhi mwenye kifafa lori?

Aliyekichagua hicho kifafa ni Rhobi mwenyewe. Ule mwaka Gibson alipoacha kulala, akawa anaongea kutwa bila kumeza mate, akamkabidhi mpita njia fahali wa baba yake, "chukua, ndugu yangu, Mungu amekukumbuka," wazee wa ukoo walianza kunong'ona. Kwao mtu wa kichaa hagawiwi ng'ombe; fungu lake linashikwa na ndugu. Mwenye kifafa wanamwonea huruma, ila chake anapewa. Kwa hiyo Faudhia alipofungua fomu ya bima, Rhobi alimshika mkono: andika kifafa, daktari, nakusihi, na wazee nitawaambia hivyo hivyo. Dawa yenyewe ilikuwa ile ile, inatibu huku na huku, kichaa na kifafa. Bima haikuuliza kitu. Ugonjwa kwenye fomu ulikaa kwa herufi na namba tu, na Gibson alisaini chini kama anavyosaini karatasi za mizani, mawazo yako barabarani.

"Niandikie kwamba ni mzima," Rhobi alisema alipoingia kliniki. Faudhia alimwonyesha kiti, hakukaa. "Mistari miwili tu, daktari."

"Mwalimu, sahihi yangu ndiyo hiyo hiyo iliyoko bima. Kule niseme anaanguka, huku niseme haanguki?"

"Hajaangukaga hata siku moja!"

"Unajua wewe, najua mimi."

"Basi badilisha."

"Nikibadilisha, lazima niwaandikie bima kwamba madai yote ya nyuma hayakuwa ya kweli. Wanaweza wakaniondoa. Wagonjwa wangu wa kadi waende wapi, Mwanza?" Faudhia alivuta ushungi mbele, akaurudisha nyuma. "Kosa ni langu, sikutupii wewe. Wewe ulikuwa na hofu, kalamu nilishika mimi. Lakini sibadilishi bila yeye mwenyewe. Ugonjwa ni wake."

Rhobi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hajafika mara ya tatu, Gibson huyo mlangoni.

"Eh, Mama Clementi! Shule imefungwa?"

Akamweleza akiwa amesimama, haraka haraka, asije akaishiwa nguvu katikati.

Gibson alianza kwa kucheka. "Kifafa? Mimi? Tangu lini?" Halafu kicheko kikakatika. "Kumbe ndiyo maana mama yako hunisogezaga mbali na moto kila nikienda kwenu. Nikadhani ananiheshimu!"

"Nilikuwa nalinda ng'ombe wako, Baba Clementi."

"Ng'ombe gani? Mimi usukani ndio unanilisha." Akamgeukia daktari. "Huo wa kweli ukoje kwa Kiswahili?"

"Ni ugonjwa wa akili. Unampandisha mtu juu mno, halafu unamshusha chini mno. Wako umetulia kwa dawa."

"Andika huo. Na kwa meneja uandike kwa maneno, sitaki namba."

"Wazee watasikia," Rhobi alisema.

"Bunda nzima itasikia. Meneja hana kifua."

Faudhia alimpima upya, akamhoji habari za usingizi mpaka akachoka, kisha akaandika barua mbili. Moja ilikuwa ya bima, ya kukiri madai ya nyuma. Ya meneja alimkabidhi Gibson. "Nimesema ukweli," alisema. "Kwamba watakupa lori, hilo sijui."

Bunda walikwenda wote wawili. Gibson aliingia kwa meneja, Rhobi akabaki nje penye magunia, anakwenda na kurudi, mpaka mlinzi akamwambia, "Mama, hebu kaa, unanichosha miguu mimi."

Gibson akatoka.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama naweza kupandishwa nikiwa njiani. Nimemwambia huwaga inaanza na kukosa usingizi, na mke wangu anajua kabla yangu."

"Halafu?"

"Lori amenipa. Ila namba yako ya simu ameibandika ukutani, mbele ya madereva wote. Kila asubuhi, kabla sijawasha, umwambie kama nimelala. Ukisema sikulala, funguo zinabaki kwake."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Kuanzia leo nitakuwa mume mwema sana."

Madereva waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Rhobi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kumchungulia macho, aone wekundu ule kama ni wa vumbi tu.