Uzito wa Mama Guylain

Tangu afungue kibanda chake cha useremala pale Birere, Kamate hakuwahi kununua vyuma vya kubana mbao. Ya nini, na mke anaye? Mbao ikiwa ndefu kupita meza, Léocadie, Mama Guylain, aliikalia, akachambua maharagwe yake huku mumewe akipiga randa, na mbao haikutikisika hata kidogo. Wateja walikuwa wakimtania: "Meza ya Kamate inakulaka bugali!"

"Na ni miye naipikaka!" alijibu Léocadie, na kucheka kuwashinda wote.

Ndipo ikaja kazi ya mlango wa kanisa la Kalengera, mbao za mvule za mita tatu. Kamate akasukuma randa mara moja tu, mbao ikateleza, mke akiwa juu yake. Akadhani ni meza. Akaigonga miguu yake kwa nyundo, ilikuwa imara. Akamtazama mkewe. Kitenge kilichokuwa kikimtosha sasa kilimzunguka mara mbili. Ugonjwa wa tumbo, ule ambao daktari alisema hauna dawa tena, ulikuwa umemmaliza, na Kamate, jitu zima, hakuwa ameona.

"Nimesukuma vibaya," alisema.

"Umesukuma muzuri," alijibu Léocadie, akageuza uso.

Soko alikwisha kuliacha, na kuchota maji pia. Kukalia mbao ndiyo kazi pekee iliyombakia. Kamate aliogopa kwamba akimnyang'anya na hiyo, atalala asiamke.

Kesho yake akaazima vyuma viwili vya kubana kwa Swedi, fundi jirani. Akaikaza mbao kabla mkewe hajatoka ndani, akavifunika kwa gunia.

"Ni la kukalia, usiumie," alimwambia.

Léocadie akakaa. Mbao ikatulia. "Unaona?" akasema, uso umemng'aa. Kamate akainama juu ya randa machozi yasionekane.

Siku ya nne sufuria ikafurika motoni. Léocadie akashuka polepole, akaenda kuipua. Kamate, mawazo yakiwa mbali, akaendelea kupiga randa. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama mbele yake, kifuniko mkononi, akiitazama mbao isiyo na mtu juu na bado imetulia. Akainua gunia.

"Tangu siku gani, Papa Guylain?"

"Tangu lundi, leo ni siku ya ine."

Léocadie akaweka kifuniko chini. Kisha akashika chuma kimoja, akakijaribu, akakizungusha kukikaza kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Hii ilikuwa inalegea," alisema. "Nipandishe sasa. Mulango bado haijaisha."