Somo la Nne, Kulinda Masikio

Kabla hujaninunia, nisikilize. Watu wa Muleba wameshanisema mpaka wamechoka, eti Adventina hana moyo. Moyo ninao. Nilichokosa ni ujasiri, na hilo ni baya zaidi, nalijua.

Mimi ni ofisa mafunzo wa kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa hapo Muleba. Mwaka jana makao makuu yetu Bukoba yaliamua mafunzo yote ya wafanyakazi yahamie kwenye vishikwambi. Masomo manne, mtihani mwisho wa kila somo, ukipita yote unapewa cheti. Asiye na cheti haruhusiwi kugusa mashine, na kwetu asiyegusa mashine hana kazi. Nani aliyeshikia bango mradi huo? Mimi. Niliuhubiri kama mlokole.

Wapakiaji wetu wengi hawajui kusoma, kwa hiyo masomo yaliandaliwa bila maandishi. Sauti ya dada mmoja mwenye Kiswahili kitamu inaeleza, inauliza swali, wewe unagusa picha. Raha tupu! Ila mwongozo wa viwango ulidai kila somo la sauti liwe na maandishi chini yake, kwa ajili ya wasiosikia. Fundi wa masomo akaniambia kuyaweka kutachukua mwezi. Mwezi mzima! Na meneja wetu, Lwakatare, alishatangaza tarehe ya uzinduzi. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: maandishi yapo? Nikaweka tiki. Nilijiambia, kiziwi gani anafanya kazi kiwandani?

Alikuwepo. Kaijage, mzaliwa wa Kanazi, alisimamia mashine kubwa ya kukoboa kwa miaka ishirini na sita, na ulibaki mwaka mmoja astaafu apate kiinua mgongo chake. Alianza enzi ambazo vizibo vya masikio hakuna aliyevijua. Mashine ikamla usikivu kidogo kidogo, na sisi wa ofisini hatukugundua. Tungegunduaje? Mle ndani hakuna anayesikia kitu; wote wanaongea kwa mikono. Nje, Kaijage alikuwa anakukazia macho mdomoni, anakujibu palepale, nasi tukasema mzee huyu ana adabu, anamsikiliza mtu kwa makini. Loo!

Masomo matatu ya kwanza alipita vizuri. La nne, la mwisho, lilihusu kulinda masikio. Ndiyo, cheka kama unaweza. Siku hiyo niliingia chumba cha mtihani bila kubisha, nikamkuta Kaijage amenipa mgongo, na Burhani, mwenzake wa zamu, amesimama mbele yake, mikono inacheza. Kaijage anamtazama, anafikiri, anagusa picha.

"Mnaibia mtihani!" nikafoka.

Burhani aliruka. Kaijage hakugeuka. Nikaita, "Mzee Kaijage!" Nikaita tena, kwa sauti ya kuamsha wafu. Wapi! Hapo ndipo nilipoelewa: mzee hasikii.

"Simpi majibu, dada Adventina," Burhani alisema. "Haki ya Mungu tena. Namwambia tu huyo dada wa humo ndani anauliza nini. Majibu ni yake. Yeye ndiye aliyenifundisha mashine, mimi nitamfundisha nini?"

Nilimwamini. Sikia vizuri, nilimwamini palepale. Kaijage aliponiona alisimama, akanisalimu kwa furaha, kwa Kihaya chetu. "Waitu, mwana wange! Leo umekuja mwenyewe kutuona?" Nami, mtu mzima na akili zangu, nikageuka, nikatoka.

Kesho yake Lwakatare aliniita. Kamera ya kishikwambi ilikuwa imemwonyesha mtahiniwa akitazama pembeni kila swali, na mfumo ukapeleka taarifa Bukoba.

"Kulikuwa na nini humo?" akauliza.

Ningesema ukweli, angeuliza maandishi yako wapi, maana Kaijage kusoma anajua. Kisha angefungua fomu aione tiki yangu. Kazi ninayo hiyo moja, na nimeisotea.

"Alikuwa anaonyeshwa majibu," nikasema.

"Kaijage? Yule mzee?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Lwakatare alisikitika sana, kisha akachapa barua. Amefukuzwa kwa udanganyifu, kiinua mgongo kimekwenda na maji. Burhani akapewa onyo. Mimi nikaambiwa nimsomee Kaijage barua yake mwenyewe, ndio utaratibu.

Alikuja ofisini Jumamosi, siku ya kugawa vyeti, amevaa koti lake la kanisani. Wenzake walikuwa wametoka kwangu na bahasha za kaki, na yake ilikuwa ya kaki vilevile. Nikaanza kusoma. Niliinamisha kichwa. Ningependa kusema ilikuwa aibu tu, lakini nilijua fika kwamba nikiinama hataona midomo yangu, na mimi sitauona uso wake. Nikaisomea meza barua yote, mpaka jina la meneja. Nikairudisha kwenye bahasha, nikampa.

Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kihaya. "Wakola, mwana wange. Wakola muno. Mungu akuzidishie."

Nilikuwa bado na nafasi. Kuinua kichwa tu na kusema neno moja. Nikakiinua kweli, nikamwambia, "Karibu."

Kupitia dirisha lililo wazi nilimwona akivuka kwenda kibaraza cha kantini, bahasha ameinyanyua juu. Wanawake wa kuchambua kahawa wakapiga vigelegele. Akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni kwetu, akaanza kumgawia kila mmoja. Kisha, bila kuifungua mwenyewe, akampa Burhani bahasha asome cheti kwa sauti, wote wasikie.

Burhani aliisoma kimya. Watu wakamuuliza vipi. Alimgeukia Kaijage, akainua mkono wa kulia, akaupitisha shingoni polepole. Mle ndani ishara hiyo ni moja tu: zima mashine, kazi imekwisha.

Kaijage akacheka. Akampiga Burhani begani, akamtilia kahawa kiganjani, akamwambia aache utani, asome.